Mama Panya na Dawa ya Wasiwasi

Asubuhi, kabla taa za korido hazijawashwa zote, Mama Panya anausukuma mlango kwa nyonga, maana mikono yote miwili imeshika vizimba. Anaviweka juu ya meza ya bati, anavua kandambili, anaingiza miguu kwenye mabuti meupe ya mpira, halafu anawageukia wenye nyumba.

“Mmeamkaje, wanangu? Nani kanuna leo?”

Masharubu yanacheza nyuma ya plastiki, na mmoja anakwea mgongoni kwa mwenzake kutafuta chupa ya maji.

Ni panya weupe, wadogo kiasi cha kukaa kwenye kiganja. Chumba chao hakina dirisha. Kina mashine ya hewa inayounguruma kutwa, sinki moja, mizani, na katikati, juu ya miguu mirefu ya chuma, kuna kifaa chenye umbo la alama ya kujumlisha. Njia mbili za kifaa hicho zina kuta. Njia mbili nyingine ni ubao mtupu uliojitokeza hewani, na darini kuna kamera inayotazama chini.

Mama Panya anafungua kizimba na kuingiza bomba la karatasi ngumu, lile linalobaki toileti pepa ikiisha. Panya anaingia mwenyewe. Mama Panya analibeba bomba kwa viganja viwili kama mtu aliyebeba yai, analiinamisha katikati ya kifaa, kisha anarudi nyuma ya pazia kutazama kwenye skrini. Hilo bomba lina kesi yake, tutalifikia.

Kwenye skrini, panya anakimbilia penye kuta. Anatulia. Anachungulia upande wa wazi, anatoa pua, anatoa mguu mmoja, mara anarudi ndani mbio.

“Toka basi, baba,” Mama Panya ananong’ona. “Nje hakuna mtu. Toka kidogo tu.”

Anageuka, anamwona mwandishi wa habari hii akiandika, anaziba mdomo kwa aibu.

“Usinishangae. Maneno hayo hayo ndiyo nilikuwa namwambia mume wangu kila siku.”

Mama Panya ana miaka hamsini na kitu. Hicho “kitu” hataki kukitaja. Kazi hii hakuisomea wala hakuiomba. Alikuwa mfagiaji wa korido za jengo hili la utafiti, akasikia kelele ndani ya chumba, akafungua mlango na kumkuta kijana aliyeajiriwa kutunza panya amesimama juu ya meza.

“Panya mwenyewe alikuwa chini anajikuna sikio,” anasema. “Nikamwokota. Wakaniuliza, wewe huogopi? Nikasema, nina watoto wanne, nitaogopa nini tena?”

Jina la Mama Panya alibandikwa na mlinzi wa getini, na limeganda. Hata kwenye mshahara, anatania, siku moja wataandika hivyo. Mshahara wenyewe ni wa mtu wa ngazi ya chini kabisa, na nyumbani ndio mshahara pekee unaoingia kwa uhakika. Hilo analisema haraka haraka na kupita, maana halimsumbui sana. Linalomsumbua ni jingine.

Kazi ya chumba hiki ni kujaribu kemikali moja ambayo bado haina jina. Ina namba tu, ndefu, yenye herufi ndani yake, na wote hapa wanaiita Namba. Inachunguzwa kama inaweza kupunguza wasiwasi, ule wa kupindukia unaomfanya mtu ashindwe kuishi. Kwa sasa ni ya utafiti peke yake. Haijawahi kuingia mdomoni mwa binadamu.

Hata kuieleza ni tabu, na tabu ilianzia getini.

“Mlinzi aliniuliza, huko ndani mnatengeneza nini? Nikamjibu, dawa ya wasiwasi. Akarudi nyuma! Akasema, sasa Mama Panya, kama ni dawa ya wasiwasi mnaitoa ya nini? Si muitupe?”

Alijaribu kumweleza kwamba haina wasiwasi, ni ya wasiwasi. Mlinzi akazidi kukunja uso. Mpaka leo akipita getini mlinzi huyo humwuliza kama ile dawa yenu ya mashaka bado ipo.

Kwa Mama Panya mwenyewe mambo hayakuwa nafuu. Mtafiti mkuu wa chumba, mwanamke kijana ambaye wote wanamwita Daktari, alimkalisha siku ya kwanza akamweleza kwa upole. Ubongo, alisema, una breki zake. Kuna kitu cha asili humo kichwani, kinaitwa GABA, ndicho kinachokanyaga breki mambo yanapokwenda kasi. Dawa za zamani husaidia kukanyaga breki karibu zote kwa pamoja. Hofu inapoa, sawa, lakini miguu nayo inalegea, mtu anasahau, anasinzia. Namba imetengenezwa ili ichague. Ikanyage ile breki ya hofu, breki za usingizi iziache zilivyo.

Mama Panya aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Alichokisikia ni kaba.

“Nikafika nyumbani nikamwambia mzee, leo nimeambiwa kuna dawa inakaba. Akaweka bisibisi chini. Akaniuliza, inakaba nani? Nikafikiri, nikasema, nadhani inakaba hofu.”

Mumewe akashika koo lake mwenyewe, pale pale panapombana kila siku.

“Basi vizuri,” akasema. “Na yenyewe ijue kukabwa kukoje.”

Mumewe huyo majirani wanamwita Fundi. Alikuwa mpaka rangi wa maghorofa, mtu wa kuning’inia kwa kamba upande wa nje wa jengo, ndoo ya rangi kiunoni, akipiga mluzi. Ukisikia hadithi yake utangoja ufike mahali alipoanguka, na hapo utangoja sana. Hakuanguka. Kamba haikukatika. Hakuna aliyemwibia wala aliyemtisha.

“Nilikuwa dukani nasubiri chenji,” anasema Fundi, aliyekubali kuzungumza na mwandishi akiwa amekaa nyumbani kwake, mgongo ukiwa ukutani. “Chenji tu. Moyo ukaanza kwenda mbio. Jasho. Koo likabana. Nikajua nakufa. Nikaacha chenji, nikaacha na sukari niliyoinunua.”

Hakufa. Hospitali walipima moyo wakasema mzima. Kesho yake alipotaka kwenda kazini, ikamrudia kwenye kona. Siku nyingine ikamrudia mlangoni. Akawa anapunguza safari, kisha akaziacha. Ukatimia mwaka wa tatu hajavuka kizingiti cha mlango wake. Anatengeneza pasi na feni za watu, wanazipitishia dirishani, naye anazirudisha hapo hapo dirishani.

“Watu wana majibu,” anasema Mama Panya. “Wengine, mumeo mvivu. Wengine, ana deni anajificha. Nilimkabili dada mmoja kwenye bomba la maji nikamwambia, mtu anayelia kwa sababu ameshindwa kufika choo cha nje, huyo anamkwepa nani?”

Walijenga choo cha ndani. Maisha yakaendelea hivyo hivyo, kilema lakini yanaenda, mpaka binti yao mkubwa alipojifungua.

Binti anakaa mtaa wa pili. Kutoka mlangoni kwa Fundi unaliona paa lake. Mtoto wa kiume, wa kwanza, mjukuu wa kwanza pia. Mama Panya alikwenda, akabeba, akaogesha, akarudi nyumbani na harufu ya poda. Fundi akaomba aletewe mtoto amwone. Binti akakataa.

Hakukataa kwa ubaya. Alikataa huku analia, anasema mama yake, lakini alikataa.

“Haletwi,” alisema. “Harusi yangu hakuja. Nimelazwa hakuja. Nikimpelekea mtoto dirishani kama pasi, baba atakaa humo mpaka afe. Babu aje mwenyewe.”

Hapo ndipo Mama Panya alipochanganyikiwa kabisa, na ni vigumu kumlaumu. Mchana kutwa anatazama panya waoga wakigeuka majasiri, kwa tone la dawa, anavyoamini. Jioni anarudi kwa mume anayetetemeka akishika kitasa. Kichwa kikafunga hesabu chenyewe. Siku moja akajikuta amesimama mbele ya friji yenye Namba, mkono kwenye mpini.

“Sikufungua,” anasema. “Mungu ananiona. Lakini nilisimama pale muda wa mtu kumaliza chai.”

Badala ya kuiba, alikwenda kuomba. Daktari alishtuka hadi kalamu ikamdondoka.

“Mama, hapana. Hata mimi siwezi kuimeza. Hatujui kipimo cha mtu, hatujui italifanya nini ini lake. Inaweza isimsaidie kitu, inaweza ikamwua.”

“Basi mwanangu, nimfanyeje?”

Daktari akafanya lililo sahihi. Akampa namba ya simu ya tabibu wa magonjwa ya akili katika hospitali moja, akamweleza kwamba ugonjwa wa Fundi unajulikana na una matibabu yaliyokwisha kupimwa kwa watu. Tabibu akakubali kuanza kwa simu, maana mgonjwa hatoki. Akazungumza na Fundi kwa upole, akaagiza vidonge, akamfundisha namna ya kupumua, akaonya kwamba mambo yatachukua wiki kadhaa.

Fundi akavimeza amenuna. Wiki zikapita. Mama Panya akamkagua kila asubuhi, hakuona kilichobadilika isipokuwa kwamba analala vizuri kidogo. Akavidharau vile vidonge. Moyo wake wote ukabaki kwa Namba, kwamba ikifaulu humo chumbani, ipo siku itamfikia mzee wake.

Sasa tufike kwenye bomba la toileti pepa.

Chumbani kuna chupa mbili. Moja ina kofia ya njano, nyingine ya bluu. Moja ina Namba, nyingine maji matupu. Ipi ni ipi, aliyeko chumbani haambiwi, hata Daktari mwenyewe, ili mtu asije akaona anachotaka kukiona. Na kanuni nyingine ilikuwa kwamba panya wote wabebwe kwa namna moja hadi kwenye kifaa: kwa kushikwa shina la mkia, juu juu, upesi.

Mama Panya aliifuata kanuni hiyo. Tatizo likawa huruma yake, na kumbukumbu ya kazi iliyotangulia. Huko nyuma chumba kilijaribu dawa ya zamani, ile inayokanyaga breki zote. Panya waliopewa walipepesuka na kulala kama walevi, hata mtoto angewajua. Basi alipoanza kazi ya Namba akangoja kuona nani atalala. Hakulala hata mmoja, wa njano wala wa bluu.

“Nikasema, ee, hapa kuna mchezo. Nikawa nawaangalia. Wengine wanatembea vizuri. Wengine wamejikunyata kwenye kona, manyoya yamesimama. Nikajua, hawa wamejikunyata hawapati dawa. Wanapata maji tu, maskini, halafu unawanyanyua mkia unawaweka juu kule. Nikasema jamani, dawa hawapati, hata usafiri?”

Akaanza kuwabeba wale waliojikunyata ndani ya bomba la karatasi. Wao tu. Hakumwambia mtu, kwa sababu hakuona kama kuna la kumwambia mtu.

Matokeo yakatoka ndivyo sivyo. Njano na bluu zikalingana. Daktari akarudia hesabu, akasafisha kamera, akabadilisha balbu, akagombana na aliyeleta chakula cha panya. Zikalingana tena. Akawa anakuja kazini nywele hazijachanwa. Hatimaye akamwita Mama Panya, akamwambia kwa sauti ya msibani.

“Mama, tunafunga. Dawa imekufa.”

“Imekufaje? Si ilikuwa kwenye friji?”

“Haifanyi kazi. Waliopewa dawa na waliopewa maji, wote wanatoka nje kwa ujasiri ule ule.”

Mama Panya anasema alimwona mzee wake, dirishani, amezeeka, na feni mkononi. Akili ikarukaruka ikitafuta pa kushika, na mdomo ukatangulia.

“Wote? Hata wale ninaowabeba?”

“Unaowabeba vipi?”

Mama Panya akaonyesha bomba la karatasi kando ya sinki.

Akaeleza yote. Daktari akamsikiliza akiwa amesimama, kisha akavuta stuli akakaa, kisha akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza ya bati.

“Mama, panya akibebwa kwenye bomba hofu inapungua. Hilo linajulikana. Ndiyo maana tukasema wote washikwe sawa.”

“Mimi sikujua. Niliwaonea huruma wale wasiopata dawa.”

“Ulijuaje hawapati?”

“Hawakulala.”

“Hakuna aliyelala! Hii hailazi! Ndiyo sifa yake, Mama, ndiyo sababu tunaihangaikia!”

Ukitulia unaona kilichotokea, ingawa Mama Panya anakiri ilimchukua siku kukiona. Pengine waliojikunyata wengi kweli walikuwa wa maji. Alipowabeba kwenye bomba, hofu ikawapungua, wakatoka nje sawa na wenye dawa. Lakini huenda baadhi yao walikuwa na dawa pia, na hao walipata vyote viwili. Kwa hiyo kila panya akawa jasiri, na hakuna anayejua kwa sababu gani.

“Ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo,” Daktari akamwambia, “hujui kipi kimefanya kazi. Sasa sijui kama Namba imekufa au ni nzima. Sijui chochote. Miezi yote hii, sijui chochote.”

Akamwambia aende nyumbani. Akimhitaji atamwita.

Mama Panya alitoka bila kumuaga mlinzi. Alifika, akajilaza akiwa na viatu, akageukia ukuta. Fundi, ambaye kwa kawaida ndiye wa kulazwa na kubembelezwa, akajikuta hajui afanye nini. Akapika chai. Akamwekea sukari nyingi mno. Akakaa ukingoni mwa kitanda akasikiliza habari yote, ya njano na bluu, ya mkia na bomba.

“Kwa hiyo,” akauliza, “kuna panya waliotoka nje bila dawa hata tone?”

“Ndiyo.”

“Kwa bomba la karatasi ya chooni.”

“Usinicheke.”

“Sikucheki. Nauliza. Panya huyo anaogopa nini hasa? Watu?”

“Daktari anasema anaogopa uwazi. Hana kitu juu yake. Anahisi kitamshukia kitu kutoka juu.”

Fundi akakoroga chai mpaka ikapoa. Alipofungua mdomo tena, alisema jambo ambalo mkewe hakuwahi kulisikia kwa muda wote ule.

“Hata mimi ni juu.”

“Juu kufanyaje?”

“Nikitoka, mbingu inakuwa kubwa mno. Inanilalia. Nilipokuwa kwenye kamba nilikuwa nimegusa ukuta. Pale chini hakuna ukuta.”

Mama Panya akaketi. Anasema alitaka kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Muda wote amekuwa akimwambia nje hakuna mtu, nje hakuna mtu. Mtu mwenyewe hakuwahi kuogopa watu.

“Kwa nini hukusema?”

“Ningesemaje? Kwamba naogopa mbingu? Mimi, mpaka rangi?”

Halafu, bila kumtazama, akauliza kama ule mwavuli mweusi mkubwa bado upo.

Upo. Ulikuwa nyuma ya kabati, una ubavu mmoja uliopinda. Fundi akaunyoosha kwa koleo. Jua lilikuwa kali la kuchoma utosi, hakuna wingu hata la dawa. Akautoa mwavuli nje ya mlango, akaufungua huko, akauinua, akajibana chini yake, akavuta pumzi kama alivyofundishwa na tabibu. Mguu mmoja. Akaurudisha. Mguu mmoja tena.

“Nikajiziba mdomo kwa mkono,” anasema Mama Panya. “Nilitaka kusema toka basi, baba. Nikasema moyoni, nyamaza, ukisema utaharibu na hili.”

Siku hiyo alifika kwenye kamba ya nguo. Alirudi ameloa jasho, amekasirika, anacheka. Siku iliyofuata akapita kamba ya nguo. Zikafuata siku mbaya ambazo hata mwavuli haukufaa kitu, akarudi ndani akajifunika shuka. Kisha siku moja akafika dukani, lile lile, akasimama nje. Mwenye duka akatoka na macho yamemtoka.

“Mzee, mvua iko wapi?”

“Inakuja,” Fundi akajibu, akageuka kurudi kwake.

Siku waliyokwenda kwa binti hawakumtaarifu. Walipita kandokando ya kuta, mwavuli umeinamishwa, Mama Panya akimshika kiwiko. Anasema alikuwa anausikia moyo wa mumewe kupitia kwenye kiwiko. Njiani walisimama mara nyingi. Watu waliwatazama, na watu wana haki ya kutazama, maana mzee aliyetembea na mwavuli kwenye jua lile ni kituko.

Wakafika. Binti akafungua mlango, mtoto begani, kitambaa cha kucheulia mkononi. Akabaki hapo hapo.

“Baba?”

“Ndiyo mimi.”

“Ingia, baba. Funga mwavuli uingie.”

Hapo kukawa na kizungumkuti. Mlango ni mwembamba, mwavuli ni mpana. Ili aingie lazima aufunge, na kuufunga hakuweza. Mikono yote miwili ilikuwa imeganda kwenye mpini. Alijaribu, mwavuli ukashuka kidogo, akaupandisha tena upesi.

“Nisubiri kidogo, mwanangu,” akasema. “Naja. Nisubiri.”

Binti alikuwa ameapa kwamba mtoto haletwi. Alivuka kizingiti na kandambili moja mguuni, akaingia chini ya mwavuli pamoja na mtoto, wakabanana wote wanne hapo kwenye kivuli, wakalia. Mtoto peke yake ndiye hakulia. Alikuwa anatazama mbavu za mwavuli.

Fundi alimwona mjukuu wake. Alimnusa kichwa. Kumbeba hakuweza, maana mikono ilikuwa na kazi.

Wiki hiyo hiyo Daktari akapiga simu. Wanaanza upya, alisema, na safari hii panya wote watabebwa kwenye bomba, wa njano na wa bluu, hakuna kubagua. Alikuwa bado na hasira, Mama Panya anasema, lakini hasira ya mtu aliyekula, isiyo na makali. Alipoulizwa na mwandishi kwa nini hakumfukuza, Daktari aliinua mabega.

“Panya wanamwendea,” alisema. “Halafu alisema ukweli. Angenyamaza, ningeizika Namba nzima nzima na nisingejua kamwe.”

Mama Panya alimsimulia habari ya mwavuli. Daktari akasahau hasira, akavuta stuli.

“Kwa hiyo kilichomtoa ni mwavuli?”

“Nadhani.”

“Na vidonge aliendelea?”

“Aliendelea, tena zilishapita zile wiki alizosema tabibu.”

“Na mjukuu alikuwa anamsubiri.”

“Ndiyo.”

“Na mara hiyo ndipo alipokueleza anachoogopa, kwa mara ya kwanza.”

Mama Panya akahesabu kwa vidole. Daktari ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha kuchoka, na mwenzake akafuata, wakacheka mpaka panya wakakimbilia kwenye kona zao.

“Vitu vinne kwa mpigo,” anasema Mama Panya sasa, akifuta meza kwa kitambaa chenye dawa ya usafi. “Mimi sijifunzi. Nikampigia tabibu nikamwuliza, ni kipi? Akasema hata yeye hajui, tuendelee na vyote, vidonge tusithubutu kuviacha. Nikamwuliza mzee. Akasema, mimi niulizwe kweli? Mimi ndiye panya.”

Namba nayo bado haijulikani kama inafaa. Kwenye skrini, yule panya wa asubuhi ametoka tena penye kuta. Safari hii miguu yote minne iko kwenye ubao wa wazi. Anatembea hadi mwisho, anachungulia chini, anajisafisha uso kana kwamba yuko kwao. Ni wa njano. Mama Panya hajui njano ni nini, na anasema safari hii hakisii.

Kinachomkalisha roho juu ni Jumapili. Binti yake ametuma ujumbe. Anataka kuja kwao kula mchana, na mtoto abebwe na babu yake mwenyewe, kutoka mtaa wa pili hadi nyumbani. Ametaka hivyo makusudi, Mama Panya anamjua mwanawe. Mtoto wa umri ule habebwi kwa mkono mmoja.

Fundi alipoambiwa aliacha pasi aliyokuwa anaifungua.

“Na mwavuli ataushika nani?” akauliza.

Akaendelea kuuliza hilo hilo wakati wa chakula, na asubuhi, huku anajaribu kubeba mto kwa mikono miwili kutoka kitandani hadi mlangoni, na kurudi.

Mama Panya anaweka bomba la karatasi kando ya sinki, anavua glavu. Jumapili atamwachia mumewe atangulie, anasema, yeye atakuwa nyuma kidogo.

“Mwavuli nitakuwa nimeukunja, nimeuweka kwapani. Akigeuka, ataniona ninao. Asipogeuka, tutakuwa tumefika.”